Jiko lililotolewa nje usiku wa Lushoto

Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 31, naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Kwa miezi kadhaa tulidunduliza fedha ili mwezi wa Julai twende Lushoto, Ijumaa hadi Jumapili, tupumzike na kelele na foleni za Dar. Usiku wa kuamkia safari ndipo mume wangu aliponiambia kuwa mama yake angekuja nasi kwa kuwa kwao ni Bumbuli. Shangazi, mama huyu aliniharibia kila kitu. Tulipofika Korogwe alimkatalia mtoto chipsi mayai, akampa mkate mkavu, kisha akamnyang'anya simu aliyokuwa akiangalia katuni. Usiku tuliomba jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, yeye akalitoa nje bila hata kuniuliza, tukalala tunatetemeka. Mtoto mdogo alilala kwa bibi yake. Kule Irente, kwenye mwamba wa kutazamia mandhari, sikupata picha hata moja ya maana kwa sababu alimshika mdogo mkono na hakutaka kumwachia. Mkubwa alimchukua bila ruhusa yangu kwenda kumwonyesha kinyonga, na hadi leo mtoto hana hadithi nyingine. Jumapili akataka tupoteze siku nzima kwenda Bumbuli kwenye kaburi la mama yake, nikakataa. Tangu turudi mume wangu ananijibu kwa mkato. Nimwambie nini aelewe kuwa ndoa ni ya watu wawili? — Mama Wawili, Tabata.

Marahaba, mwanangu. Nakupa pole, na kwa jambo moja niko upande wako: mumeo alikosea kukuambia usiku wa kuamkia safari. Mke anayefungasha mizigo ya watoto ana haki ya kujua mapema ni watu wangapi wanaosafiri, na hilo unaweza kumwambia waziwazi. Mengine yote uliyoandika nimeyasoma mara mbili, na kila niliposoma nilimwona mtu mwingine kabisa, tofauti na yule unayetaka nimwone.

Naanza na jiko, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, hata mtu aliyelala asihisi chochote zaidi ya usingizi kuwa mzito. Wengi hudanganyika kwa sababu moshi umeisha na mkaa umekuwa mwekundu, wakadhani jiko limeiva na sasa ni salama kuliingiza ndani, kumbe gesi ile inaendelea kutoka. Watoto wadogo hupumua kwa haraka kuliko sisi, kwa hiyo sumu huwawahi wao kwanza. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani na hawakuamka. Mama huyu amezaliwa kwenye baridi hiyo, anajua watu wa kwao wanavyoota moto na wanavyolala, na usiku ule alinyanyuka kitandani, akalitoa nje jiko mliloliweka karibu na wajukuu wake wa damu. Wewe umeliandika kama kosa. Mimi nasema ungempigia magoti asubuhi ile ile.

Tena tazama ulivyoandika. Umesema mlilala mnatetemeka, kisha sentensi inayofuata umesema mdogo alilala kwa bibi yake. Basi aliyetetemeka ni nani, ikiwa yule mwenye umri wa kunyonya alikuwa amekumbatiwa ndani ya blanketi la bibi? Naogopa kwamba masweta hayakutosha kwenye begi lenu. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Julai yake haifanani na Julai yetu hapa, ambapo mtoto anashinda na kaptula hadi saa mbili usiku. Kule mtoto anahitaji soksi, kofia ya sufu, sweta juu ya sweta, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga kwa ajili ya kupasha kitanda moto kabla hajaingia. Ukiwa na hivyo, jiko hulihitaji.

Kuhusu Korogwe, barua yako yenyewe inamtetea mama mkwe wako. Kutoka Mombo, chini ya mlima, hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kupanda, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mtoto wa miaka minne yuko katika umri ambao safari ya gari humchafua tumbo kirahisi, na huchafuka zaidi macho yake yakiwa kwenye simu, kwa kuwa macho yanamwambia ametulia huku sikio la ndani likimwambia anayumba. Mjaze mafuta ya chipsi mayai juu ya hayo, na kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani kupanda Lushoto, ungekuwa unafua viti vya gari. Umeorodhesha kila karaha ya safari ile, mwanangu, lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba mtoto alitapika. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni yule mwenye mkate mkavu.

Irente sitakaa sana. Ule ni mwamba unaokatika ghafla, na chini yake, mamia ya mita, ndiko iliko tambarare ya Mazinde. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui ukingo ni nini. Wewe ulikuwa na simu mkononi, mumeo sijui alikuwa wapi, na bibi alikuwa na mkono wa mtoto. Picha utapiga siku nyingine.

Habari ya kinyonga ndiyo iliyonigusa kwa upole. Milima ya Usambara ina vinyonga wenye pembe ambao watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwaona, na wataalamu waliazima neno letu hili hili kulipa jina kundi zima la vinyonga, wakaliita Kinyongia. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa mdudu huyo kama mkosi, lakini mwanao ameshikwa mkono na bibi yake akamtazama kwa karibu, na hadi leo hana hadithi nyingine. Mliweka akiba kwa miezi kadhaa ili mtoto apate kumbukumbu, naye ameipata, isipokuwa aliyempa si wewe, na nadhani hapo ndipo panapouma kuliko kwenye ruhusa. Kama ni hivyo, lisemee hilo. Mwambie mtoto akuonyeshe kinyonga anavyotembea, nawe umfuate sebuleni hatua kwa hatua.

Sasa unaniuliza juu ya ndoa ya watu wawili. Siku hizi nalisikia neno hili kwa mabinti wengi wa mjini, na wengi wanaolisema ndio hao ambao msichana wa kazi akiondoka ghafla hupiga simu kwa mama mkwe saa kumi na moja alfajiri, na mama akapanda basi akaja kuwaogesha watoto na kuwapikia uji wa lishe. Hatuwezi kumwita bibi mzazi wakati wa kazi na kumwita mtu baki wakati wa mapumziko. Watu wawili wanahitaji muda wao, sikatai, nami nimewahi kuwa mke kijana. Lakini safari ya watoto wawili wadogo ni safari ya watoto, na muda wenu uutafute kwingine. Panda treni ya SGR na mumeo, ambayo tangu mwaka 2024 inakufikisha Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, mkalale chini ya milima ya Uluguru usiku mmoja, watoto wakibaki kwa bibi yao, ikiwa baada ya barua hii bado utakuwa na uso wa kumwomba.

Nimeliacha la Bumbuli mwisho kwa sababu ndilo zito. Njia ya kwenda Bumbuli inachepuka pale pale Soni, nanyi mlipita Soni mkipanda, mkapita tena mkishuka. Mama aliketi nyuma na wajukuu, akaiona njia ya kwao ikienda, akaomba aende kwenye kaburi la mama yake, na mkamwana wake akasema siku itapotea. Huhitaji kujiuliza tena kwa nini mumeo anajibu kwa mkato. Anayaona macho ya mama yake kwenye kioo cha gari hadi leo, naye hajui akuambieje.

Kwa hiyo usimwambie chochote kuhusu watu wawili. Leo jioni, watoto wakishalala, mwambie kwamba ulikosea kwa Bumbuli na kwamba unataka mpange kwenda. Kesho umpigie mama mwenyewe, umshukuru kwa jiko, ulitaje jiko kwa jina, kisha umuulize siku gani inamfaa. Nendeni kabla ya masika, kwani mvua kubwa zikianza ile barabara ya mlimani huteleza na mawe huporomoka. Fungasha masweta siku mbili kabla, na mkifika Soni wewe uhamie nyuma na watoto, mama akae mbele, amwelekeze mwanawe njia.