Sheria na Nyumba za Ibada: Majibu kwa Wasomaji wa Dar

Kijana mmoja alisimama mlangoni mwa msikiti wetu Tandika wakati wa hotuba ya Ijumaa, akipiga honi ya bodaboda na kututukana. Tumwachie Mungu?

Nendeni polisi, mzee wangu, mkachukue RB, ile namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 126, inamtia hatiani anayevuruga kwa makusudi mkusanyiko halali wa ibada. Kifungu cha 125 kinamhusu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada kwa nia ya kudhalilisha dini, na hakichagui dini: mahekalu ya Wahindu pale Kisutu yamo. Andikeni majina ya mashahidi mapema. Nawasihi vijana wasimguse mtu huyo. Oktoba 2012, kule Mbagala, mabishano ya watoto wawili juu ya Msahafu yaliishia makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto. Waliochomewa hawakuwa na kosa lolote, na hilo bado linaniuma.

Kanisa jirani hapa Kimara hukesha kila Ijumaa, na spika imeelekezwa dirisha la wanangu. Nikilalamika naambiwa napinga Injili.

Hupingi, dada. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda ibada yao, lakini ibara hiyo hiyo inaweka uhuru huo chini ya taratibu za sheria. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015, na zinaibana nyumba ya ibada kama zinavyoibana baa. Anza kwa mchungaji: mwombe ageuze spika iangalie ndani. Mara nyingi hilo hutosha. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha NEMC, wasimamizi wa mazingira.

Tunasali chini ya turubai Kivule na tumepata kiwanja cha kununua. Kiandikwe jina la mchungaji?

Hapana! Jisajilini kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kisha sajilini bodi ya wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kiwanja kiwe cha bodi hiyo. Mchungaji akifariki na hati ina jina lake, mtagombana na warithi.

Binti yangu, mtu mzima, amebadili dini. Ukoo unataka nimshtaki.

Kwa kosa gani, mama? Ibara ya 19(1) inataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Wakimtishia, wenye kushtakiwa ni wao.