Utando wa nanomita 100, meshi isiyokwisha

SWALI: Natumia COMSOL Multiphysics, programu ya kuiga fizikia kwa kompyuta, kuiga utando wa oksidi ya indiamu na bati juu ya kioo. Una urefu wa milimita 40, upana wa milimita 10 na unene wa nanomita 100, na nauwekea volti 5 kutoka ncha hadi ncha. Nimeuchora wote kama umbo la pande tatu, lakini meshi (vipande vidogo vya kuhesabia) inajengwa mpaka RAM inajaa. Nakosea wapi?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Kosa ni kuchora unene. Urefu wa utando wako ni mara 400,000 ya unene wake, na meshi ya kawaida ya ujazo haitaenea hapo. Uache uwe uso tu, uchague sehemu ya programu iitwayo "Electric Currents in Shells", na unene uuandike kama namba: 100[nm]. Hupotezi kitu, kwa sababu mkondo unakwenda kwa ubapa. Kioo hakihitajiki, labda ukitaka kuhesabu joto.

Weka "Terminal" ya volti 5 kwenye ukingo mmoja wa milimita 10, na "Ground" (volti 0) ukingo wa pili. Bila "Ground" utando wote utakaa kwenye volti 5 na hakuna mkondo utakaopita. Usiweke volteji kwenye nukta: kila ukisaga meshi zaidi, ukinzani utapanda bila kikomo. Kama unatumia pini, chora duara lenye kipenyo chake halisi.

Kabla ya kuendesha programu, shika kalamu. Upitishaji wa siemensi 500,000 kwa mita, kwa unene huo, unatoa omu 20 kwa kila mraba, uwe mkubwa au mdogo. Utando wako una miraba 4 ya milimita 10, basi ni omu 80 na mkondo wa miliampea 62.5. Ukiona miliampea 0.625, umeandika 5,000 ya siemensi kwa sentimita ukaiacha isomwe kama ya mita. Hilo hutokea mno. Namba hiyo ya upitishaji nayo hutegemea utando ulivyotengenezwa, kwa hiyo pima wako kwa pini nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volteji.

Siku utando ukiwa katikati ya mata mbili zinazopitisha umeme, angalia sana. Utando ukipitisha vizuri kuliko jirani zake, tumia "Electric Shielding": mkondo unafuata utando. Ukiwa mkinzani, tumia "Contact Impedance": mkondo unaukata na volteji inaruka. Ukivibadilisha, programu haitakuonya. Itakupa picha nzuri yenye jibu la uongo.