Mshahara hasi ulipita wapi? Klasi za wafanyakazi zilivyonitoa jasho

Mara ya kwanza kuandika programu ya mishahara nilijiona fundi kweli kweli. Klasi mama ipo (klasi ni kiolezo cha kuundia vitu ndani ya programu), Mfanyakazi, na watoto wake watatu wanaorithi kutoka kwake: wa mshahara wa mwezi, wa kulipwa kwa saa na wa kamisheni. Kila seta, yaani kile kipande cha kubadilishia thamani, nimeiwekea ukaguzi, ukileta namba hasi inakataa. Kumbe kwenye konstrakta, pale kitu kipya kinapoundwa, nilikuwa napachika thamani moja kwa moja bila kupitia hizo seta, yaani mlango wa mbele una kufuli na wa uani uko wazi, ripoti ikatoka kuna mtu ndo anadaiwa na kampuni badala ya kulipwa 😅

Tangu siku hiyo sitaki obijekti (kitu kilichoundwa kutoka kwenye klasi) mbovu izaliwe kabisa. Ukaguzi nauandika sehemu moja, konstrakta inauita, seta inauita (kama seta inahitajika, mara nyingi wala haihitajiki), na kosa linarushwa papo hapo likitaja namba iliyoletwa. Usiibadilishe namba mbaya iwe sifuri kimyakimya, mtu atalipwa sifuri na hamna atakayejua kwa nini.

Ila ukitumia Java kuna mtego. Mimi nikaona nijiongeze, konstrakta ya mama iite kokotoaMalipo() ihakikishe malipo sio hasi. Metodi (kazi iliyo ndani ya klasi) inayoitwa pale ni ya mtoto, na mtoto mwenyewe bado hajajazwa, saa zake ni 0, malipo 0, ukaguzi unapita kila siku hata ukimpa saa hasi 20. Kila mtoto akague vitu vyake mwenyewe, mama abaki na jina na namba ya kazi. Na mama awe klasi dhahania, yaani isiyoundiwa obijekti moja kwa moja, maana hakuna mtu aliyeajiriwa kama "mfanyakazi" tu bila aina ya malipo.

Mipaka nayo usiiangalie upande mmoja. Saa za wiki zisiwe chini ya 0, sawa, lakini pia zisizidi 168 maana wiki haina zaidi ya hapo. Kamisheni iwe kati ya 0 na 1, la sivyo kuna mtu ataandika 15 akimaanisha asilimia 15 na muuzaji atalipwa mara kumi na tano ya alichouza.

Ovataimu ndo iliniaibisha zaidi. Tuseme baada ya saa 40 unalipa mara moja na nusu, mtu kafanya 45 kwa 1000 kwa saa. Sahihi ni 40,000 jumlisha 7,500, yaani 47,500. Yangu ilikuwa inazidisha saa zote kwa 1,500, inatoa 67,500, na kama unavyojua hakuna mfanyakazi aliyekuja kulalamika. Jaribu 0, 40, 41, 168 na 169, bagi nyingi (makosa ya programu) zinakaa hapo hapo kwenye kingo.

Halafu pesa usiweke kwenye double, aina ya namba za desimali ambazo kompyuta inazikadiria tu. 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, na double inaweza kubeba NaN ("si namba"), ambayo ukiuliza kama ni ndogo kuliko 0 jibu ni hapana, kwa hiyo ukaguzi wako inaupita ikicheka. Tumia BigDecimal, aina ya Java inayotunza desimali kamili, na uijenge kwa maandishi "0.1", ukimpa double 0.1 unahamisha lile kosa lile lile.

Kitu kimoja ambacho siku hizi nafanya tofauti: mtu wa saa akipandishwa kuwa wa mwezi, obijekti haiwezi kubadili klasi, inabidi uunde mpya na historia yake uihamishe, kero tupu. Sasa Mfanyakazi anabaki mmoja na anabeba kanuni ya malipo kama kitu cha pembeni, akipanda cheo nabadilisha kanuni tu. Kwa zoezi la darasani urithi unatosha kabisa, ila kama ni mfumo wa watu wa kweli mimi naanzia huku.