Unaandika riwaya ya giza yenye dini na sayansi? Anza na ibada, mungu atafuata

Waandishi wanaotaka kuchanganya fantasia, sayansi na dini katika riwaya ya watu wazima huniuliza karibu wote swali lilelile: mungu wa ulimwengu wao awe wa namna gani? Mjuzi wa yote au mwenye upungufu? Roho au mashine? Mmoja au kundi linalogombana? Huwa nawaambia waliweke kando kwanza. Niambie waumini wake wanafanya nini alfajiri. Wanaosha nini, wanajinyima nini, nani haruhusiwi kuingia, na nani analipwa kufagia baada ya watu kutoka.

Riwaya yangu ilianza na mwosha. Katika ulimwengu ule, anayesafiri kwenda nyota nyingine hauchukui mwili wake. Anasomwa chembe kwa chembe, habari zake zinarushwa, na huko aendako anaumbwa upya akiwa na kumbukumbu zake zote. Mwili uliobaki nyuma unauawa. Sikuwa bado na nabii, wala kitabu kitakatifu, wala jina la mungu. Nilikuwa na mwanamke mwenye ndoo, ambaye kazi yake ni kuosha maiti za watu walio hai kwingine, wanaokunywa na kucheka wakati yeye anawafunga taya. Nikajiuliza anatamka nini anapomwaga maji. Anamwombea marehemu? Marehemu yupi?

Jibu la swali hilo lilizaa kanuni, kanuni ikazaa ubishi, na ubishi ukazaa madhehebu mawili. Wa kwanza wanaamini dhambi husafiri na yule aliyeumbwa upya. Wa pili wanaamini dhambi hubaki katika nyama iliyooshwa. Utaona mara moja kwamba hao wa pili wana kila sababu ya kusafiri mara kwa mara, na kwamba wenye fedha watajiunga nao. Kwa hiyo sikulazimika kubuni shetani. Uovu uliingia kwa mlango wa ibada, na kila aliyeutenda alikuwa amevaa nguo safi.

Wazo la kumnakili mtu si langu, na halihitaji kuwa langu. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alikwisha kusimulia habari za merikebu ya shujaa Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ileile. Mwaka 1984 mwanafalsafa Derek Parfit alilitumia jaribio la kufikirika la mtu anayerushwa hadi sayari ya Mars kwa kunakiliwa, akauliza kama anayefika huko ni yeye au ni mwingine anayefanana naye. Wanafalsafa wakishauliza, kazi yako ni kuuliza nani anaosha mwili.

Ukibuni ibada, mpe muumini usingizi, njaa na miguu iliyokufa ganzi. Ibada nyingi za riwaya za aina hii ni maandamano tu: majoho, mienge, nyimbo katika lugha iliyokufa, hakuna anayekohoa. Mmoja wa wasomaji wangu wa kwanza ni mtu wa dini kwelikweli, na nilimpa mswada nikiwa tayari kwa karipio. Mungu wangu katili hakumsumbua. Kilichomfanya aiamini dini yangu ni kijana anayetafuna kitu kwa siri siku ya mfungo, huku akiomba msamaha kabla hajameza.

Historia ya anga imejaa mambo ya namna hiyo, ya kweli, na ni ajabu jinsi waandishi wanavyoyapita. Mwaka 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alishiriki Meza ya Bwana ndani ya chombo kilichotua Mwezini, kabla hajatoka nje, na baadaye akaeleza jinsi divai, katika mvuto ule ulio sehemu moja ya sita ya mvuto wa dunia, ilivyojikunja taratibu ikapanda ukingo wa kikombe. Mwaka 2007 mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga katika mwezi wa Ramadhani. Kituo hicho huizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku, jua linachomoza na kuzama kila baada ya dakika 90 hivi. Aombe mara ngapi? Aelekee wapi, ikiwa Makka inapita chini yake kwa kasi? Wanazuoni wa nchi yake walikaa, wakaandaa mwongozo: nyakati zifuate mahali aliporukia, na kuhusu kibla aelekee Kaaba akiweza, asipoweza usawa wa Kaaba angani, asipoweza dunia, na mwisho kabisa popote. Soma ngazi hizo nne tena. Kila ngazi ni huruma inayokiri ugumu. Sasa wafikirie watu walio mbali kiasi kwamba hata dunia haionekani, waliobaki na ile ngazi ya mwisho tu kwa vizazi, na mtu mmoja anayesimama siku moja na kudai anajua upande sahihi. Hiyo ni riwaya nzima, ichukue.

Sayansi katika kazi hii naitumia kwa jambo moja: kuweka gharama. Sielezi injini. Nachagua namba moja ya kweli na kukataa kuilegeza hata hadithi inaponibembeleza. Mwanga husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde, na bado kutoka kwenye Jua hadi Proxima Centauri, nyota jirani kuliko zote, unachukua miaka minne na ushei. Katika riwaya yangu koloni lililo huko lilimwandikia kuhani mkuu kuuliza kama mtoto wa watu walioumbwa upya ana roho, na kama apewe jina. Jibu lilirudi mtoto akiwa na umri wa kwenda shule, ameitwa "Wewe" maisha yake yote. Sikubuni ukatili hapo. Niliheshimu tu kasi ya mwanga.

Au chukua mwendo wenyewe. Ndani ya chombo kinachokwenda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, mwaka mmoja wa abiria ni kama miaka saba ya walioachwa nyuma. Muuaji akihukumiwa toba ya miaka 70 akaitumikie safarini, atashuka baada ya miaka kumi, bado ana nguvu, na wote aliowafiwisha watakuwa wamezeeka au kufa wakimngojea. Ametimiza toba? Kwa saa ya nani? Mwandishi asiyejua fizikia angehitaji mchawi na laana kufika hapo.

Na uchawi je? Fantasia bila uchawi wengi hawaiiti fantasia. Kabla hujaandika mganga wako wa kwanza, soma mabishano ya wanazuoni wawili wa Kiislamu, al-Ghazali na Ibn Rushd, juu ya moto na pamba. Al-Ghazali, mwishoni mwa karne ya 11, alisema tunaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini hatuoni kwamba moto ndio unaoichoma. Mungu ndiye anayeumba kuungua, na angetaka pamba ingebaki nyeupe. Ibn Rushd, katika karne iliyofuata, alijibu kwamba anayezikana sababu za vitu ameikana akili yenyewe. Amua ulimwengu wako uko upande gani, kwa maana uchawi wake utabadilika kabisa. Kwa Ibn Rushd, mchawi ni fundi anayejua sababu usizozijua wewe, na siri yake inaweza kuibwa na kuuzwa. Kwa al-Ghazali hakuna ufundi. Kuna desturi ya Mungu, na muujiza ni siku ambayo desturi hiyo imeachwa. Mimi nilichukua upande wa al-Ghazali kisha nikauliza lililo la kutisha (mwenyewe asingekubali): itakuwaje ikiwa yule anayeichoma kila pamba, mojamoja, ameanza kuchoka?

Angalizo tu. Usiwape wazee wawili pembeni mwa moto kurasa kumi wakihojiana juu ya hiari na majaaliwa. Nikikutana na kurasa hizo kama msomaji naziruka, na sioni haya. Fikra iingie pale ambapo mtu atalazimika kuilipia kabla ya jua kuzama. Na hoja yenye nguvu kuliko zote mpe mhusika unayemchukia. Kuhani anayetetea mauaji ya wasafiri katika kitabu changu anazungumza vizuri kuliko mimi, na ilinibidi nijizuie kumharibia sentensi.

Kuhusu giza lenyewe nina msimamo mkali kidogo. Damu ni rahisi, nayo huchosha haraka. Fikiria Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yamejaa, mishumaa inawaka, ardhi inatetemeka. Kisha moto, kisha bahari inapanda. Mwandishi wa haraka ataishia kwenye kuta zinazoanguka. Mimi ningeanzia wiki iliyofuata, wakati wa maelezo. Padri Gabriel Malagrida, wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliandika kwamba tetemeko lile lilikuwa adhabu kwa dhambi za mji. Mwaka 1761, katika mji huohuo, yeye mwenyewe alinyongwa na mwili wake ukachomwa kwa hukumu ya mahakama ya kanisa ya wazushi, wakati serikali ilikuwa imekwisha kumwona adui. Mtu aliyewaambia wafiwa kwamba walistahili, akiwa na imani safi kabisa, kisha naye akahukumiwa na watu wenye imani safi kabisa: jini gani la kubuni linafikia hapo?

Kwa hiyo tukio la ukatili au la kitandani likifika mezani kwangu, naliuliza kama sura tatu mbele kuna mtu anayetembea tofauti kwa sababu yake. Kama hakuna, linatoka. Hasa ubakaji unaowekwa kama pambo la ukuta ili tujue ulimwengu ni mbaya. Nimeusoma mno, na mara nyingi mwathirika hapewi hata sentensi moja ya kufikiri. Kuandika kwa ajili ya watu wazima maana yake ni kukaa na matokeo. Na andika onyo fupi katika kurasa za mwanzo, lisilo na kuomba radhi. Halijamfukuza msomaji yeyote ninayemjua, na limewasaidia wengine kuchagua siku ya kusoma.

Mungu wako yupo au hayupo? Msomaji si lazima ajue. Mwosha wangu hajui hadi ukurasa wa mwisho. Lakini wewe lazima ujue, mapema, na usibadilishe, kwa sababu kila sadfa utakayoiweka itaegemea jibu hilo, na msomaji hunusa mwandishi anayebahatisha.

Mswada ukiiva, mpe mtu wa dini, mpe mtu wa fizikia, na mpe mmoja asiyejali mambo hayo mawili, anayependa hadithi tu. Huyo wa tatu ndiye atakayekuambia mahali alipolala. Mtu wa dini atakuonyesha ibada isiyo na mwili. Wa fizikia kwangu hakugusa hesabu hata moja. Aliuliza tu nani anayelipia nishati ya kurusha watu wote hao. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni madhehebu ya pili, kwa sadaka za wenye dhambi. Akacheka, akaniuliza kama mungu wao anajua. Ndicho kitabu ninachokiandika sasa.