Vumbi la Kariakoo na vidole vya mume wangu

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nipo Mtwara mjini, Chikongola. Mume wangu alikua anauza nguo Kariakoo, lile ghorofa lilivyoanguka Novemba 2024 ye na wenzie waliingia kufukua watu kwa mikono, akashinda mule kutwa nzima kafunga leso tu mdomoni. Baadae karudi huku, kapata kibarua cha kukata tailizi. Saivi vidole vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi hata kifungo cha shati namfunga mimi, mpaka saa nne ndo vinalegea. Dukani wanampa diklofenaki kila siku. Mama mkwe anasema kuna mtu kamchezea. Ivi vumbi linaweza kufanya hivi? Na mimi ntaambukizwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho, haliambukizi kabisa, kula nae lala nae. Na mumeo mpe pole na ahsante yangu kwa kuingia mule.

Vumbi linaweza, ndio. Majengo pacha ya World Trade Center kule New York yalipoanguka Septemba 11, 2001, zimamoto na waokoaji walivuta vumbi la saruji, vioo vilivyosagika, asbestosi na ule mchanga laini kupita unga unaoitwa silika. Watafiti wakawafuatilia zimamoto wa jiji lile, na mwaka 2015 wakatoa matokeo kwamba kila mwezi mmoja ambao mtu alizidi kufanya kazi kwenye kile kifusi, uwezekano wake wa kupata magonjwa ya kinga kushambulia mwili uliongezeka kama asilimia 13, na ulioongoza ni baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kukakamaa, ambao ndo naushuku kwa mumeo.

Ukisikia kinga usishtuke ukadhani UKIMWI. Kule kinga inapungua, huku kinga ipo tele ila imepotea njia. Chembe za silika zikifika ndani ya pafu askari wa mwili wanazimeza, hawawezi kuzisaga, wanapasuka, wanakuja wengine, yaani ni kama sungusungu waliokesha usiku kucha wanatafuta mwizi mpaka wanaanza kumpiga mwenye nyumba.

Sasa Kariakoo ilikua siku moja, nzito lakini moja. Hilo la tailizi umelitaja kwa kupita tu ila kwangu mimi ndo kubwa zaidi, maana grainda ikikata tailizi kavu inamrushia silika ile ile usoni, leo na kesho na keshokutwa. Aache kwanza, na akirudi wakate huku maji yanamwagika, na leso haizuii vumbi laini, inatakiwa ile barakoa ngumu ya vumbi inayobana uso. Kama anavuta sigara aache pia, sigara na silika zikikutana hatari ya baridi yabisi inazidi.

Diklofenaki inatuliza maumivu tu, kiungo kinaendelea kuliwa ndani kwa ndani, na tumbo na figo zinaumia. Aende hospitali ya Ligula hapo Mtwara apimwe damu, apigwe picha ya mikono na ya kifua, na TB iangaliwe, maana pafu lenye silika linaivutia. Ikithibitika kuna dawa nzuri tu, na akiwahi vidole havipindi. Wengi wanaanzishiwa methotreksati, hiyo inanywewa mara moja kwa WIKI, sio kila siku, ikinywewa kila siku inaweza kuua. Mkiwa mnatafuta mtoto mseme kabla hajaanza.

Mama mkwe usibishane nae, ana uchungu na mwanae, mwambie tu hospitali mnaenda wiki hii.

Na uende nae mwenyewe. Wanaume wakiulizwa wanasema mikono inauma kidogo basi, na vumbi hata halitajwi. Wewe ndo unaefunga vifungo, useme ivo ivo, mpaka saa nne.