Jibu: Kuhesabu siku ambazo mzigo umekaa ghalani
Ndugu wa Makambako, umeuliza kwa nini ulizo lako kwenye kanzidata ya MySQL linatoa -17 kwa mahindi yaliyoingia ghalani tarehe 3 Juni na kutoka tarehe 20. Umezipanga tarehe kinyume: katika MySQL, DATEDIFF, yaani amri inayohesabu siku kati ya tarehe mbili, hutaka tarehe ya mwisho itangulie, ndipo ifuate ya mwanzo, kwa hiyo andika DATEDIFF(tarehe_kutoka, tarehe_kuingia), nawe utapata 17. SQL Server, programu nyingine ya kanzidata, ina amri yenye jina hilohilo, lakini yenyewe hutanguliza kipimo, kisha tarehe ya mwanzo, na wengi huzichanganya wanaponakili mifano.

Kwa mizigo ambayo bado haijatoka, weka COALESCE(tarehe_kutoka, CURDATE()) mahali pa tarehe_kutoka, ili tarehe ya leo itumike pale ambapo ya kutoka haipo, la sivyo jibu litakuwa NULL, yaani tupu.

Jambo ninalokusihi ulitazame kabla ya kumtoza mkulima hata shilingi moja ni hili: DATEDIFF ya MySQL haiangalii saa, tena hutoa tofauti tu ya tarehe mbili, hivyo gunia lililoingia na kutoka siku hiyohiyo hupewa sifuri. Ikiwa mmekubaliana kwamba siku ya kuingia na ya kutoka zote hulipiwa, ongeza 1, na utaratibu huo uandikwe wazi kwenye risiti. Februari ya siku 29, kama ile ya 2024, huhesabiwa yenyewe.