Kambi Yako Ina Kinyozi? Kwa Wewe Unayeanza Kuendesha Michezo ya Kuigiza Mezani

Kampeni yangu ya tatu, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, wachezaji wakiigiza wahusika na mimi nikiwasimulia dunia yao, niliijenga kando ya ziwa kubwa. Ng'ambo palikuwa na mji wa wapika chumvi, wazo nililolichota kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, mkoani Kigoma. Joka likaamka chini ya chemchemi, mji ukaungua, na walionusurika wakavuka maji mpaka kwenye ufalme ambao wahusika wa wachezaji wangu waliutumikia. Niliwaita Watu wa Chumvi. Nikaandika kurasa nne za mateso yao, na siku wachezaji walipofika kambini nikawasomea zote: mahema, moshi, watoto wanalia, wazee wamejiinamia.

Mezani alikuwepo dada mmoja aliyezaliwa na kukulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaziweka dadu zake chini, akasema, "Kaka, mhusika wangu amesafiri wiki mbili, ndevu zimemjaa. Kinyozi wao yuko upande gani?"

Sikuwa na kinyozi. Sikuwa na fundi viatu, mkopeshaji wala mkunga. Nilikuwa na watu elfu sita, na hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akiwa na la kufanya. Tulisimamisha kikao, akatueleza kwa saa nzima jinsi kambi inavyoishi. Mengi ninayokuandikia yalianzia usiku ule, mengine niliyatafuta baadaye.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, Wakongo walipokuwa wakikimbia vita Kivu Kusini. Aliyezaliwa humo mwaka uliofuata leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Kuna zoni, ndani ya zoni kuna vijiji, kijiji kina mwenyekiti, na usiku sungusungu wanapita wakilinda. Kuna mafundi baiskeli, mafundi cherehani, wachungaji, kwaya zinazoshindana. Kwa hiyo kabla hujaandika kilichowakimbiza watu wako, chukua karatasi uandike majina kumi, na kila jina ulipe kazi, deni, na mtu asiyesemezana naye. Ugomvi mwingi huvuka mpaka pamoja na wenyewe. Mimi nina wapika chumvi wawili, ndugu wa tumbo moja, wanaogombea sufuria ya shaba ya marehemu baba yao, na sufuria yenyewe ilibaki ng'ambo chini ya joka. Wachezaji wangu waliwapenda hao wawili kuliko yeyote wa kurasa zile nne.

Sasa chakula, na hapa usipite haraka. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na michango ikipungua mgawo unakatwa. Kinachotolewa ni mahindi au unga, maharage au mbaazi, mafuta, chumvi. Hakuna kitunguu, hakuna dagaa, hakuna hela ya kusagia wala ya daftari la mtoto. Basi mama anauza sehemu ya mgawo apate hivyo vingine. Mgeni akikuta unga wa msaada sokoni anasema, "Kumbe hawa wameshiba!" Hilo liweke mezani kwako. Katika kampeni yangu mtoza ushuru wa mfalme alinunua gunia la mtama wa msaada sokoni, akalitua mbele ya baraza kuwa ushahidi wa kwamba mgawo upunguzwe. Wachezaji walitakiwa wamjibu bila kuchomoa upanga. Joka halikuwahi kuwatoa jasho namna ile.

Foleni ya mgawo nayo ichezeshe walau mara moja, polepole. Yangu niliianzia alfajiri. Kadi ni vipande vya ngozi vilivyopigwa chapa ya idadi ya kaya, na kila ukichukua inatobolewa tundu. Mpimaji ana kibuyu, macho yote yako kwenye mkono wake: anajaza mpaka kichuguu, au anakisawazisha kwa kiganja? Mama aliyejifungua juzi ana kadi ya watu watatu na nyumbani wako wanne. Gunia likipasuka, watoto wanachuchumaa kuokota punje pamoja na mchanga, za kupepetwa baadaye. Mchezaji mmoja aliyeigiza shujaa wa mfalme aliamua kuwapita wote kwa sababu ana barua yenye muhuri. Nilimruhusu. Hakuna aliyepiga kelele. Ila tangu siku hiyo kila alipouliza jambo kambini alijibiwa, "Sijui, mheshimiwa," na ramani aliyokuwa akiitafuta ilimchukua vikao vinne.

Kitakachokusaidia kuliko maelezo yoyote ya huzuni ni mstari kwenye ramani. Hapa Tanzania mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Chora duara la namna hiyo kuizunguka kambi yako, kisha vitu muhimu viweke nje yake: kuni, mto wenye samaki, mganga mwenye dawa. Wachezaji wako wanatoka na kuingia watakavyo. Rafiki yao anayeijua njia ya milimani anaishia kwenye mstari, anasimama, anawaelekeza kwa kidole. Huna haja ya kuongeza neno.

Ukitaka kuchezesha siku yenyewe ya kuvuka, tafuta habari za Kagunga. Mwaka 2015 Warundi makumi ya maelfu walikimbilia kijiji hicho, ufuo mwembamba uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Meli ya Liemba, ile ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua mpaka Kigoma wapatao mia sita kwa safari, na kuifikia ilibidi kwanza upande boti ndogo. Ufuoni kikazuka kipindupindu. Kwa hiyo usikimbilie kuweka mazimwi yanayovizia usiku. Weka maji ya aina moja ya kunywa, kuoga na kufulia, halafu waulize wachezaji vyoo vichimbwe wapi na nani achimbe.

Wenyeji wape akili zao. Kosa la kawaida ni kuwafanya wote wabaya, au wote wakarimu. Mwenyeji anaona miti inaisha kwa sababu ya kuni, na papo hapo mke wake anajifungulia kwenye zahanati ya kambi. Anamlaani mkimbizi asubuhi na jioni anampa kibarua shambani kwa ujira wa chini. Halafu lugha: usiwape wakimbizi lugha ngeni kwa mazoea tu. Muha wa Kigoma na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Mpaka umewatenganisha watu wanaotaniana kwa maneno yale yale, na hilo mchezoni linauma kuliko lugha ya ajabu uliyoibuni mwenyewe.

Watoto wa Kikongo walioko Nyarugusu wanasoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Yaani mtoto anajifunza mito na majimbo ya nchi ambayo hajawahi kuiona, ilhali nchi anayoiona dirishani haimo kwenye daftari lake. Niliposikia hivyo niliwatungia watoto wa Watu wa Chumvi wimbo wa kutaja chemchemi kumi na mbili za ng'ambo. Wanaruka kamba nao. Chemchemi ya saba wanaitamka vibaya, na bibi mmoja huwasahihisha kila siku. Ufunguo wa kumfikia joka ulikuwa kwenye matamshi ya bibi. Mpe mkimbizi wako ujuzi unaohitajika, wachezaji wamwendee kwa heshima.

Wala watu wako wasiseme kwa kauli moja. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wengine walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wengine wakajichanganya na watu Kigoma mjini. Mtafiti aliyeishi na makundi yote mawili miaka ya 1980 alikuta wa Mishamo wanaihadithia historia yao kama taifa lililo uhamishoni, na wa mjini wanajitambulisha kwa namna nyingi, ilimradi maisha yaende. Walitoka nchi moja, mwaka mmoja. Weka kambini mzee anayesema "sisi" katika kila sentensi, na mjini mpwa wake anayeuza samaki ambaye hataki kuulizwa kwao ni wapi.

Kuhusu silaha niseme kifupi. Ni kweli kwamba mwaka 1994, baada ya Wanyarwanda kama robo milioni kuvuka daraja la mpakani la Rusumo na kuingia Tanzania kwa siku moja au mbili, waliohusika na mauaji ya kimbari walikuwemo kambini Benaco pamoja na raia, wakatawala watu kwa kushika ugawaji wa chakula. Unaweza kuitumia hali hiyo, na adui wako awe yule mwenye orodha ya mgawo mkononi. Lakini ukiweka jasusi kwenye kila hema utawazoesha wachezaji kumshuku kila anayeomba maji. Mimi huweka mmoja kwa kampeni nzima, na wa kwanza kumgundua ni wakimbizi wenyewe.

Kabla ya kikao cha kwanza ongea na kila mchezaji peke yake. Eleza kitakachokuwepo, uliza asichotaka kukikuta. Usimwulize mbele ya wenzake, wala usimgeuze aliyepitia kambini kuwa mwalimu wa meza. Yule dada alitueleza kwa hiari yake, nami nilipaswa kumwuliza kabla.

Kilichobaki ni mwisho wa kampeni, na hapo wengi huharibu: joka linakufa, watu wanaimba, wote wanapanda mitumbwi. Warundi wa 1972 waliporudi baada ya miongo kadhaa, wengi walikuta mashamba yao yana watu, na baadhi ya watu hao walikuwa wamezaliwa humo humo. Wakimbizi wengine waliamua kubaki. Zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo tenga vikao viwili au vitatu baada ya joka. Mfalme atatangaza kambi ifungwe. Bibi wa wimbo atataka kurudi, wajukuu zake hawataki.

Kinyozi nilimpata hatimaye, nikampa kibanda cha nne kutoka kisimani. Habari za joka zilipofika alikuwa na mteja, upande mmoja wa kichwa umeisha. Akaumalizia wa pili, akafuta wembe, akamkung'utia nguo. Ndipo akawauliza wachezaji kama wamepita mtaa wa wachonga vinu, na kama waliona ni nani anakaa kwenye kiwanja chenye mwembe.